Kamba ya Mlango wa Jikoni

Mtu wa kwanza kunidai kitu ili nipite mlango alikuwa mwalimu wangu. Nilikuwa mtoto mdogo, nina kiu, nataka kuingia jikoni kwake kunywa maji. Kati ya sebule na jikoni palikuwa na kamba ya katani iliyofungwa kwenye misumari miwili, usawa wa kifua changu. Upande wa pili alikuwa amekaa yeye, juu ya kigoda, anamenya viazi.

“Barieri,” alisema bila kuniangalia. “Toa kitu.”

“Madame, nataka maji tu.”

“Na mwenye kwenda Mahagi anataka kufika tu. Toa kitu.”

Kwetu barieri ni kizuizi cha barabarani: hupiti mpaka utoe pesa. Sikuwa na kitu. Nilirudi kwenye benchi na kiu yangu. Nilipomweleza mama jioni, mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

“Amekudai? Weye? Mutoto?”

“Alisema ni somo.”

“Somo la nini? La wezi?”

Mama alivuka ua akaenda kumwuliza. Alirudi, akaendelea kusonga bugali kwa mkono mmoja. Baba alipomwuliza wameongea nini, alisema, “Sijui. Nilienda kugomba, nimerudi na kabichi.” Kabichi ilikuwa kweli mkononi mwake. Ndivyo ilivyokuwa kila mara mtu alipokwenda kwa Madame akiwa na hasira. Alirudi ameshangaa, na ameshika mboga.

Jina lake halisi nalijua, lakini sijawahi kumwita kwa hilo, wala avenyu yetu yote pale Mbunya, mtaa wetu wa Bunia, haikumwita hivyo. Wanawake wengine wengi walikuwa walimu, na wote walistahili kuitwa Madame. Lakini ukisema “nimetoka kwa Madame,” hakuna aliyekuuliza ni yupi. Alikuwa amefundisha shule ya msingi mpaka vita ikaifunga. Vita ilipotulia na shule kufunguliwa, yeye hakurudi. Alikwenda kuangalia, akakuta madawati yamechomwa kuni, akasema, “Mimi siko mwalimu wa majivu.” Akafungua darasa sebuleni kwake.

Wazazi walimletea watoto kwa sababu waliogopa kuwavusha mji. Amani ilikuwa imekuja, ndiyo, magari yenye askari wa kofia za bluu yalipita, redio ilisema amani. Lakini watu bado walilala na viatu karibu na kitanda. Mlango ukipigwa na upepo, barabara nzima ilinyamaza. Mimi ni mtoto wa miaka ile, na nadhani ndiyo sababu mpaka leo, nimemaliza chuo, ukinitumia ujumbe usemao “nipigie,” kabla ya kukupigia nitakuwa nimeshazika watu watatu kichwani.

Vitu vyake vya kufundishia vingemshtua mkaguzi yeyote. Ubao ulikuwa mlango wa kabati la nguo, umepakwa masizi. Chaki ilikuwa muhogo mkavu. Muhogo huandika vizuri, ila panya wanaupenda, na mara nyingi tulikuta somo la Kifaransa limetafunwa usiku. Vizibo vya soda vilikuwa mamoja, makopo ya nyanya yalikuwa makumi. Ramani ya nchi aliichora kwenye katoni la mafuta ya msaada, na kwa sababu katoni lilikuwa na mkunjo katikati, niliamini kwa miaka mingi kwamba Kongo ina mlima mmoja mrefu unaoanzia mpaka hadi mpaka.

Lakini kitu kilichowashangaza watu zaidi kilikuwa pesa. Madame alikuwa na furushi la noti za zamani, zile zaire zilizokufa, zenye uso wa rais wa zamani na chui. Alizileta mezani zimefungwa kwa utepe wa nywele, akamgawia kila mtoto. Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa na milioni tano mkononi. Nilizihesabu mara mbili. Sikujua bado kwamba pesa hufa.

“Hizi zilinunua nini, Madame?” aliuliza mtoto mmoja.

“Zamani? Ngombe.”

“Na leo?”

“Leo zinanunua akili yenu. Haya, fungua soko.”

Jumamosi sebule iligeuka soko. Mmoja aliuza maharagi kwa kopo, mmoja alibadilisha pesa, mmoja alikuwa mama wa nyumba mwenye haraka, mmoja mlevi anayetaka kukopa. Maharagi yalikuwa ya kweli na jioni yalipikwa, kwa hiyo aliyeibiwa kwenye kipimo aliona kwa macho yake chakula kikipungua. Na siku zote, hata kama tulikuwa wachache, mmoja wetu alipewa kamba. Aliyetoka “Kpandroma,” yaani jikoni, kuleta mali “Bunia,” yaani sebuleni, alisimama mbele ya kamba akatoa kitu.

Madame alisimamia mchezo huu kwa ukali kuliko masomo yote. Mwenye kamba alipodai kupita kiasi, alimwonya: “Ukimumaliza leo, kesho hapiti tena, utakula nini?” Anayepita alipolia, alimwambia: “Hapana lia. Uliza bei. Barieri nayo iko na bei.” Majirani walisimama dirishani wakitikisa vichwa. Ilikuwa kama kumwona padri akifundisha watoto kucheza kamari.

Na kwa habari ya padri, lazima niseme alichofanya kanisani, kwa sababu bado nakiona. Wakati wa matoleo, Madame alikuwa na noti moja kubwa. Aliiweka ndani ya kikapu. Kisha, mbele ya watu wote na kwaya inaimba, aliingiza mkono ndani ya kikapu akaanza kuchukua baki, yaani chenji yake. Kijana wa kikapu alipigwa na butwaa.

“Mama, hapana!”

“Hapana nini? Nimetoa mia tano. Nachukua baki yangu.”

“Iko ya Mungu!”

“Ya Mungu ni mia tano. Ile ingine iko ya makala.”

Makala ni makaa, na aliyekuwa anayachukua kwa mkopo wiki hiyo alikuwa mama mmoja mjane wa nyuma ya kanisa, na yeye mwenyewe alikuwapo, ameinamisha kichwa, maana baki ile ilikuwa ya kulipa deni lake. Madame alimalizia hesabu yake polepole, akakunja noti zake, akajiunga na wimbo palepale ulipofika. Sauti yake ilikuwa nzuri sana.

Swali lake lilikuwa moja: “Nani alilipa?” Aliliuliza kila mahali. Tukipewa daftari za msaada, zenye picha ya twiga: “Nani alilipa?” Arusi ikipita na magari yamepambwa, honi zinalia: “Nani alilipa?” Tuliposoma habari ya arusi ya Kana, sote tulishangilia maji kuwa divai, naye akafunga Biblia kwa kidole ndani yake: “Sawa. Lakini ile divai ya kwanza, iliyokwisha, nani alilipa?” Hatukujua. “Muone,” alisema. “Hakuna anayejua. Hata yeye aliyelipa wamemusahau.”

Ungefikiri mtu wa namna hii ni bahili. Ndipo anapokushangaza tena. Sokoni angeweza kubishana na mwuza nyama mpaka nzi wakachoka. Lakini mbele ya mama mwenye mafungu manne ya nyanya juu ya gunia, alilipa alichoambiwa bila neno, akaondoka haraka kama mtu aliyeiba. Chai alikunywa bila sukari akisema anaweka akiba, halafu akiba hiyo ikageuka mandazi ya darasa zima. Alitufundisha kutomkopesha mlevi, na mlevi wa kweli wa avenyu yetu alikuwa anakula kwake kila Jumatano.

Sasa nifike kwenye mtihani.

Mwaka wetu wa mwisho, wazazi walipata njia ya kutuandikisha kwenye mtihani wa taifa wa darasa la sita kupitia shule moja ya jirani. Tulivaa mashati meupe. Swali moja lilisema: mfanyabiashara amenunua bidhaa, amelipa usafiri, anataka faida fulani, tafuta bei ya kuuzia. Nilicheka ndani ya moyo. Hili tulilifanya kila Jumamosi! Niliandika bei ya kununulia, nikaongeza usafiri, nikaongeza barieri, nikaongeza faida. Wenzangu wote kutoka sebule ile waliandika vilevile. Swali halikutaja barieri, kwa hiyo kila mmoja aliweka kiasi alichoona ni cha haki. Na neno lenyewe tuliliandika kwa Kifaransa safi, barrière, r mbili katikati na alama yake juu ya e, kama Madame alivyotaka.

Mkaguzi alikuja mwenyewe kwenye parseli ya Madame, yaani kiwanja chake, na karatasi zetu mkononi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, viatu vimejaa vumbi. Wazazi walikuwa wamekwisha kusikia na walijaa uani. Baba yangu ndiye aliyeanza.

“Madame, siye tulikuletea watoto wajue hesabu. Weye unawafundisha barieri!”

“Hawakujua hesabu?” Madame alimwuliza mkaguzi. “Wamekosa kujumlisha?”

“Kujumlisha wamejumlisha vizuri,” mkaguzi alisema.

“Basi?”

“Basi jibu sio hilo, Mama.”

“Weye muheshimiwa, ulipotoka Mahagi kuja hapa, ulipita bure?”

Tulisubiri aone haya. Hakuona. Alimwangalia Madame kwa huruma fulani iliyonitisha zaidi kuliko hasira.

“Sikupita bure,” alisema. “Najua barieri kukushinda weye. Lakini kwenye karatasi haiko. Nikiikubali kwenye karatasi, nimeiandika kuwa sheria. Watoto hawa kesho watafikiri iko halali.”

Mkaguzi aliomba maji. Alipewa, bila kulipia. Mimi nilifaulu kwa alama chache mno hata naona aibu kuzitaja. Wawili wetu hawakufaulu, wakarudia mwaka, na baba wa mmoja hakumsalimia Madame tena mpaka walipohama. Nimemfikiria mkaguzi yule mara nyingi kuliko inavyofaa. Usiku naona Madame ana haki, asubuhi naona mkaguzi ana haki, mchana siwezi kula.

Halafu kuna habari ya barabara, niliyoelezwa na mama, maana yeye alikuwa juu ya lori moja na Madame. Walikuwa wanatoka Kpandroma na viazi. Njiani walikuta vijana wenye bunduki na kamba, kamba ya kweli. Kila abiria akaanza kufungua kona ya kitenge alikofunga pesa. Madame akashuka. Alitembea mpaka kwenye kamba, akakaa chini katikati ya barabara, akafungua majani ya ndizi akaanza kula bugali na mboga ya sombe.

“We muzee, toa pesa!”

“Nakula kwanza.”

“Toka njiani!”

“Nakula, mwanangu. Nani anakulipa weye?”

“Nini?”

“Kazi hii. Nani anakulipa?”

Mama alisema watu juu ya lori walikuwa wanasali kwa sauti ndogo. Kijana yule aliangalia wenzake, akasema hakuna anayemlipa. Madame akakata tonge, akamnyoshea. Akalipokea. Walikula wawili mpaka majani yakabaki matupu. Kisha lori likapita bila mtu kutoa kitu.

Mama alifika Bunia amejaa hasira. “Weye hulipi!” alimwambia. “Weye unakaa chini unakula, na watoto wetu unawafundisha kulipa! Iko akili gani hii?”

Na hapa Madame alisema neno ambalo mama alinieleza mara moja tu, akiwa anachambua mchele ili asinitazame.

“Mimi niko muzee. Wakiniua wameua mifupa. Hao watoto wakikaa chini barabarani kama mimi, watapigwa. Mimi nawafundisha kulipa ili wafike.”

Mwaka huu nimerudi kutoka Kisangani na diploma yangu ndani ya bahasha ya plastiki. Kazi sijapata. Nakaa nyumbani kwa wazazi pamoja na dada yangu, ambaye amerudi kutoka Kpandroma na watoto wake baada ya huko kuharibika tena. Mimi nilikuwa bado chuo walipokuja. Niliwapigia simu siku hiyo roho iko mkononi, na dada akasema, “Safari ilikuwa nzuri, hapana waza.” Nikamshukuru Mungu, na nikaendelea kuwaza.

Binti yake mkubwa, Dorkasi, anasoma kwa Madame. Darasa bado lipo, maana wapo watoto kama yeye waliofika katikati ya mwaka bila karatasi za shule. Ila macho ya Madame yamekwisha. Anaona mwanga na vivuli tu. Ndiyo maana aliniita: nichukue darasa mpaka mtihani, ambao Dorkasi na wenzake wataufanya baada ya Pasaka. Asipopatikana mtu, sebule itafungwa na mwaka wao umepotea.

Niliwaza siku nyingi. Kufundisha naweza. Lakini swali lile litarudi, maana hurudi kila mwaka. Nikifundisha barieri, Dorkasi ataanguka kama walivyoanguka wale wawili. Nikiitoa, namwambia Madame kwamba kazi yake yote ilikuwa kosa. Mwisho nilijiandaa sentensi moja, nikaisema njiani mpaka nikagongana na mwenye baiskeli: Nakubali, Madame, lakini kamba itoke.

Nilimkuta amekaa palepale, juu ya kigoda, karibu na kamba ileile. Imekuwa nyeusi kwa mikono ya watoto. Dorkasi alikuwa mbele ya ubao, muhogo mkononi, wenzake kwenye benchi.

“Nani?”

“Ni mimi, Madame.”

“Aah, muwazaji. Kaa. Sikiliza kwanza.” Akamgeukia mtoto. “Mama mumoja amenunua gunia la viazi Kpandroma. Amelipa gari. Anataka faida. Andika.”

Dorkasi aliandika. Niliangalia ubao: bei ya kununulia, gari, faida, jumla. Kama kwenye kitabu. Kama mkaguzi.

“Soma.”

Akasoma. Madame akainua uso.

“Na barieri?”

“Iko ndani ya faida, Madame.”

“Namna gani, ndani ya faida?”

“Kwenye karatasi haionekani. Mama anaiandika faida kubwa. Halafu wa barieri wanaikula njiani.”

Nilishtuka hata benchi likalia. Miaka yote ile, Madame na mkaguzi, usiku na asubuhi zangu zote, na jibu liko pale, linasomwa na mtoto mwenye pua inayochuruzika. Madame alicheka, akanielekezea kidole karibu na nilipokaa.

“Weye ndiye umemufundisha. Chuo imesaidia kitu!”

“Hapana, Madame. Si mimi.”

“Nani basi?”

“Hakuna,” Dorkasi alisema. “Niliona tu. Tulipotoka Kpandroma na mama.”

“Nani alilipa?” Madame aliuliza. Swali lilimponyoka tu, kama kawaida yake, bado anatabasamu.

“Mama. Kwa barieri ya kwanza alilipa, kwa ya pili alilipa. Kwa ya tatu pesa ilikuwa imekwisha. Akatoa kitenge.”

“Kitenge gani?” niliuliza mimi.

“Kile alichovaa, mujomba. Aliingia Bunia amejifunga kile cha kumbebea mutoto.”

Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyosomea hesabu, anangoja aambiwe afute.

Safari ilikuwa nzuri, hapana waza. Niliangalia sakafu. Nilipoinua macho nilimwona Madame, na nitasema ukweli, uso wake ndio ulionitisha zaidi. Mtu huyu alishangaza kanisa, soko, vijana wenye bunduki, wazazi wetu wote. Sikuwahi kumwona yeye ameshangaa. Mdomo ulikuwa wazi. Mikono ilikuwa imesimama hewani juu ya magoti, kama mtu aliyeangusha sahani na bado hajasikia mlio wake.

“Nilifikiri hawa hawajui barieri mpaka niwafundishe,” alisema. “Hawa si wa wakati wenu. Hawa walizaliwa amani imekuja.”

Nje mtu alipita akiuza mikate, akiita kama anaimba, akaenda zake.

Madame akaanza kupapasa ukuta mpaka akaupata msumari. Alishika fundo kwa kucha zake. Fundo lilikuwa la miaka, limekauka kama mfupa. Nilisimama nimsaidie, akanipiga mkono.

“Kesho utaanza weye,” alisema. “Bila kamba.” Sentensi yangu yote niliyoijia ilikuwa imesemwa, na mimi sikufurahi hata kidogo. “Dorkasi, kisu kiko jikoni. Leta.”

Mtoto alikuja mpaka kwenye kamba, akasimama. Madame alimsikia amesimama.

“Unangoja nini?”

“Siko na kitu cha kutoa, Madame.”

“Pita.”

Dorkasi alinitazama mimi, akatazama kamba, akamtazama tena Madame, kama mtu anayetegewa mtego.

“Pita tu, mwanangu. Pita bure.”

Hakuamini. Aliufungua mkono wa Madame, akaweka ndani yake kile kipande cha muhogo alichokuwa anaandikia, akavifunga vidole vyake kimoja kimoja juu yake. Ndipo akainama, akapita chini ya kamba kwenda kuleta kisu.